Jezi Namba Tisa

Gazeti lilitoka Jumatatu, na kufikia saa nne asubuhi hakuna aliyekuwa akishona chochote dukani kwa Ngazi. Ngazi ni fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule, lakini miaka mingi nyuma alikuwa mchezaji wa kulipwa wa mpira wa kikapu, na hadi leo huingia kwenye duka lake mwenyewe akiwa ameinama. Shirikisho la mchezo huo lilikuwa linatimiza miaka hamsini ya ligi, likaamua kutoa orodha ya wachezaji kumi bora wa nyakati zote. Chini kabisa ya orodha, karibu na tangazo la mabati, namba kumi, lilikuwapo jina la fundi.

Mkewe ndiye aliyelileta gazeti. Watu wote humwita Karani, kwa sababu ni karani wa shule, na kwa sababu enzi za ujana wake alikuwa karani wa meza kwenye ligi hiyohiyo, yule anayekaa pembeni ya uwanja na kuandika nani kafunga, nani kafanya madhambi, dakika ya ngapi. Alikuwa ameomba ruhusa ya nusu saa. Sasa alikaa juu ya gunia la vipande vya vitambaa, akiwasikiliza wanaume wakigombania majina ya watu ambao wengi wao hawakuwahi kuwaona wakicheza.

"Sindano namba moja, hilo halina ubishi," alisema mwalimu wa hesabu, aliyekuja kupunguziwa suruali kiuno.

"Kwangu lina ubishi," akajibu muuza vipuri wa duka la pili. "Sindano alikuwa anafunga, ndiyo. Kukaba je? Mtu akimpita alikuwa anamuaga."

"Sasa ungemweka nani?"

"Kabati. Ukimkuta Kabati chini ya kikapu, unarudi na mpira wako ulikotoka."

"Kabati hakuchukua kombe hata moja."

"Kwani kombe ndilo linalocheza?"

Fundi alicheka kidogo bila kuinua macho. Alikuwa amekaa nyuma ya cherehani yake ya kukanyaga, mguu wa kulia ameunyoosha pembeni kama mzigo wa mtu mwingine alioombwa amshikie.

"Mimi malalamiko yangu ni haya ya namba kumi," muuza vipuri aliendelea. "Huyu bwana alifunga pointi thelathini na nane kwenye fainali. Nani mwingine amefanya hivyo? Angekuwa wa sita, wa tano huko."

"Waacheni," fundi akasema. "Kumi inatosha."

Ilitosha kweli. Gazeti lilieleza kwamba wale kumi, walio hai, watatibiwa majeraha yao ya zamani kwa gharama za shirikisho, kuanzia mwezi ujao. Daktari alikuwa amemwambia fundi mwaka jana, bila kuzungukazunguka, kwamba goti la kulia limekwisha. Linatakiwa kutolewa na kuwekwa jingine, na asipofanya hivyo, baada ya miaka miwili hivi atakuwa mtu wa kubebwa. Yeye na mkewe walitoka pale hospitali wakaenda moja kwa moja kituo cha basi. Jambo lile lilikuwa juu ya uwezo wao, na wote wawili walilijua hilo hata kabla ya kuuliza.

Karani alijua yote hayo, na alipaswa kuwa na furaha kuliko mtu yeyote mle ndani. Ila mkobani mwake mlikuwa na barua nyingine, iliyofika shuleni asubuhi ileile. Shirikisho lilimwomba afike ofisini Ijumaa, yeye akiwa ndiye pekee aliyebaki hai kati ya waliokaa kwenye meza ya fainali ile, ili athibitishe kwa sahihi yake kwamba karatasi ya mchezo ni sahihi. Baada ya hapo orodha ingefungwa.

Na karatasi haikuwa sahihi. Alikuwa akilijua hilo kwa miaka ishirini na sita.

*

Mambo yalikuwa hivi. Katika fainali ile, mumewe, ambaye bado hakuwa mumewe, alivaa namba tisa na kufunga pointi kumi na saba kabla ya mapumziko. Zikiwa zimebaki sekunde chache, alitua vibaya na goti likageuka. Wakati huohuo mwenzake aliyeitwa Kimya, namba kumi na mbili, mtu wa kutokea benchi, alipigwa kiwiko, pua ikamwaga damu, jezi yake ikawa haivaliki. Jezi za akiba zilikuwa zimesahauliwa kwenye basi, na basi lilikuwa limeondoka kwenda kutia mafuta. Mwalimu wa timu akamvua majeruhi namba tisa, akamvisha Kimya. Refa akakubali, akaja mezani, akamwambia karani: "Kipindi cha pili, tisa ni kumi na mbili. Weka alama."

Karani aliweka alama kwa penseli, ukingoni mwa karatasi. Utaratibu wa siku hizo ulikuwa hivyo: mchezo unaandikwa kwa penseli, ukiisha unanakiliwa kwa wino kwenye karatasi safi, na ile ya penseli inatupwa. Kimya alifunga ishirini na moja katika kipindi kile. Timu ikachukua kombe, watu wakavamia uwanja, mmoja akakaa juu ya meza, mwingine akamwaga soda. Karani alinakili akiwa amesimama, karatasi ameibana ukutani. Alinakili namba tu, kwa kuwa namba ndizo zilizosomeka. Ukingo ulikuwa umelowa.

Siku ya tatu alisoma gazetini kwamba Ngazi amefunga thelathini na nane, akaukumbuka ule ukingo uliolowa. Alikwenda kwa katibu wa ligi. Katibu alikuwa anakula, hata hakumkaribisha kiti. "Kombe linabadilika?" alimuuliza. Halibadiliki. "Basi, binti, usinitafutie kazi." Ngazi na Kimya walikuwa na kimo kimoja, wote wamenyoa upara, na nusu ya taa za ukumbi hazikuwaka. Mtangazaji alifuata namba. Wachezaji wenzao walicheka tu, kwa sababu kombe lilikuwa la wote. Karani akaondoka, hakurudi tena. Kusahau kulikuwa bahati mbaya. Kunyamaza hakukuwa bahati mbaya, na ndiko kulikomkosesha raha.

*

Alasiri ya Jumatatu ile ya gazeti, Karani alimkuta mumewe nyumbani, ameweka goti juu ya stuli, anajikanda kwa dawa ya kuchua. Chumba kizima kilinuka dawa ile. Alimpa barua, naye akaisoma mpaka mwisho.

"Nenda basi Ijumaa," fundi akasema. "Sahihi moja tu."

"Karatasi ile si sahihi, baba watoto."

"Najua."

Karani alikuwa amejiandaa kwa mengi, lakini neno hilo hakuliwaza. Akavuta kiti.

"Unajua nini?"

"Kwamba nilikuwa benchi na barafu kwenye goti. Ulidhani goti ni la nani?"

"Mbona hukuwahi kusema?"

Fundi alifunga kikopo cha dawa, akakifungua, akakifunga tena. "Nilidhani ni zawadi," alisema. "Wiki ile nilikuwa nimetuma watu kwenu, na ulikuwa hujanijibu. Gazeti likatoka, naona thelathini na nane. Nikasema, huyu binti amenijibu. Amehatarisha kazi yake kwa ajili yangu. Ningekuja vipi kukurudishia?"

Karani aliona jinsi ambavyo angeweza kumwachia hilo. Lilikuwa jambo zuri, lilikuwa limekaa katikati ya ndoa yao kwa miaka yote hiyo na yeye hakujua kwamba lipo.

"Nilisahau," alisema. "Niliweka alama ya penseli, ikalowa soda. Nilinakili namba tu. Baadaye nilipogundua, nikaogopa."

Mumewe alikiweka kikopo chini. Alionekana mzee ghafla, na Karani alimhurumia hata akatamani angekuwa mwongo.

"Kwa hiyo miaka ishirini na sita nimejivunia usahaulifu wako," fundi akasema.

"Kukubali nilikukubali. Sikukubali kwa pointi."

"Sawa." Akaushusha mguu chini kwa mikono miwili. "Lakini goti hili ni langu, Karani, na maumivu yake si ya kunakiliwa. Kimya mwenyewe hajawahi kulalamika. Atapata nini sasa? Hata ukimpa hizo ishirini na moja, hatakaribia kumi bora. Alicheza misimu mitatu tu. Mimi nipoteze mguu, yeye apate nini?"

Karani akaikunja barua, akairudisha mkobani.

"Twende tukamuulize," Karani akasema.

*

Kimya alikuwa bado yumo katika ukumbi uleule wa fainali, siku hizi akiwa fundi wa rangi. Jumatano mchana walimkuta amepiga magoti chini ya kikapu, anachora upya mstari wa mitupo huru, utepe wa karatasi pande zote mbili na brashi nyembamba mkononi. Hakukuwa na mtu mwingine ukumbi mzima.

"Shemeji, karibu," alisema. "Msikanyage hapo, bado mbichi. Ngazi, kaa basi, usisimame na mguu huo."

Kiti kilikuwa kimoja, cha refa. Fundi akakikalia. Kimya alimpongeza kwa namba kumi, na alimpongeza kwa moyo, jambo lililowafanya wageni wake wote wawili watazame sakafu.

"Nimekuja kwa ajili ya ile fainali," fundi akasema mwishowe.

"Ile imekwisha."

"Karani anatakiwa kutia sahihi kwamba thelathini na nane ni zangu."

Kimya alifuta brashi taratibu kwenye ukingo wa kopo. "Sasa mmekuja kuniomba ruhusa?"

Ndilo lililowaleta.

"Haya, nimewapa," Kimya akasema. "Wewe uliliacha goti uwanjani, mimi nikavaa jezi yako. Tuseme tumelipana. Kama ningetaka kusema, ningesema zamani. Nenda katibiwe, ndugu yangu."

Fundi alipumua. Alitaka kuinuka kumshika mkono, lakini mkewe alikuwa hajamaliza.

"Shemeji, na wewe jambo hili halijawahi kukuuma?"

"Mara moja," Kimya akasema. Alilisema kwa wepesi, kisha akaonekana kujutia. Karani alisubiri. Maisha yake yote alikuwa amekaa pembeni akisubiri watu wamalize.

"Binti yangu alipokuwa na miaka kumi na mitatu," akaendelea. "Nilikuwa nimeachishwa kazi kiwandani, naona aibu hata kukaa sebuleni kwangu. Nikataka ajue baba yake aliwahi kuwa mtu. Nikamsimulia. Akaenda kuwasimulia shuleni, na kuna aliyekuwa na kile kitabu cha rekodi za ligi. Wakafungua. Fainali ile, Kimya, pointi nne. Alirudi nyumbani, akaniandalia chakula, hakuniambia kitu. Nilijua baadaye, kwa mama yake. Tangu siku ile nikimwambia jambo, hata dogo, hata kwamba nje kuna mvua, anakwenda dirishani kuhakikisha."

"Ana umri gani sasa?" Karani aliuliza.

"Ana watoto wawili. Bado anakwenda dirishani." Akarudi kwenye mstari wake, akainamia brashi. "Lakini hayo ni ya nyumbani kwangu. Hayana haja ya kwenda ofisini kwenu."

Wakatoka. Nje kulikuwa na vidaraja vinne vya kushuka, na fundi alisimama juu ya cha kwanza akikishikilia chuma cha pembeni kana kwamba amesahau namna ya kushuka.

"Ungemwachia ile ruhusa yake," alimwambia mkewe. "Alikuwa ameshatupa. Kwa nini ukauliza?"

"Nilitaka kujua."

"Haya, umejua. Na mimi nimejua." Akashusha mguu mbovu kwanza, kisha ule mzima. Katika kidaraja cha mwisho akasema, "Ijumaa nitakwenda na wewe."

*

Ofisi ya shirikisho ilikuwa ghorofa ya pili na lifti haikufanya kazi. Fundi alipanda kwa mguu mmoja, akivuta wa pili, na kila walipofika kwenye kona walijifanya wanasoma matangazo ya ukutani ili apumzike. Watu walikuwa wanapita wakisema, "Pole, mzee." Alichukia kila pole.

Binti wa takwimu aliwapokea vizuri. Alikuwa mdogo kuliko fainali yenyewe. Alitandaza karatasi mezani, imehifadhiwa kwenye plastiki, na Karani akauona mwandiko wake wa usichana, umenyooka hauna hata kosa la kufutwa. Mtu yeyote angeuamini.

"Mama, ni hapa tu chini," binti akasema, akimpa kalamu.

Karani alimweleza yote, kuanzia basi mpaka soda. Hakujitetea, na la katibu hakulificha. Binti alisikiliza, kalamu yake mwenyewe ikiwa imesimama hewani.

"Kuna ushahidi wowote, mama?"

"Mimi ndiye niliyeandika."

"Na mimi ndiye niliyekaa benchi," fundi akasema. "Na mimi ndiye ninayepoteza. Umeshaona mtu anadanganya ili apoteze?"

Binti akageukia kompyuta, akapunguza hapa, akaongeza pale. Ilichukua dakika moja isiyoisha. "Kumi na nne," alisema kwa sauti ya chini. "Mzee, unashuka mpaka kumi na nne."

"Na Kimya?"

"Hafiki hata hamsini bora. Michezo yake ni michache. Ila atakuwa na rekodi ya pointi nyingi zaidi katika kipindi kimoja cha fainali. Hakuna aliyewahi kufikisha hizo." Akautazama mlango, kisha akasogeza kiti. "Niwaambie kitu. Orodha inafungwa leo saa kumi. Lakini rekodi inaweza kurekebishwa wakati wowote. Mama angeweza kutia sahihi leo, mzee akatibiwa, halafu mwakani mkaja na maelezo haya. Nitayapokea mimi mwenyewe. Hakuna atakayeuliza."

Alisema kwa wema, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Karani akaanza kupiga hesabu. Mwaka mmoja tu. Kimya amesubiri ishirini na sita, mmoja ungemfanya nini? Aliiona picha ya mumewe akishuka ngazi hizi kwa miguu miwili. Akamtazama mumewe kwa macho yaliyomwambia chukua, chukua, mimi nitakubali.

Fundi alikuwa anaikodolea macho ile karatasi.

"Nikishapona sitakuja," alisema.

"Tutakuja pamoja," mkewe akasema.

"Karani, najijua. Nimeishi nayo miaka yote hii nikiwa naumwa. Nikiwa mzima ndiyo nitakuja kuirudisha? Nitasema mwakani, halafu mwakani mwingine." Akamsogezea karatasi. "Andika sasa hivi, kabla sijakuzuia."

Karani akaandika. Alipiga mstari mmoja juu ya thelathini na nane, akaweka kumi na saba, akapiga mstari juu ya nne, akaweka ishirini na tano, akatia sahihi pembeni ya kila sahihisho kama alivyofundishwa. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyaficha. Kisha akaomba kitu kimoja, barua yenye muhuri, ikieleza nani alifunga nini, itolewe leoleo.

"Ya kumbukumbu zenu?" binti aliuliza.

"Ya binti wa Kimya."

*

Jumapili Kimya alipiga simu. Alisema binti yake ameisoma barua mara mbili, akaupapasa muhuri, kisha akavuta kiti na kumwambia, baba, hebu nisimulie tangu mwanzo. Akasimulia mpaka chakula kikapoa. Alipomaliza kueleza hayo, alitaka kusema jambo kuhusu goti, akashindwa, akaaga.

Jumatatu gazeti likatoka na orodha mpya. Namba kumi sasa alikuwa mtu mwingine, na chini yake kulikuwa na mistari mitatu ya maelezo. Muuza vipuri aliingia nalo dukani kwa fundi amelikunja kwapani.

"Wamekosea hawa," alisema. "Wanasema zile pointi si zako zote. Waandikie barua, fundi. Mwalimu hapa atakusaidia kuandika."

"Hawajakosea," fundi akasema. "Zangu ni kumi na saba. Zilizobaki ni za Kimya, alikuwa amevaa jezi yangu."

Mwalimu wa hesabu akavua miwani. Muuza vipuri alitabasamu akisubiri utani umalizike, na ulipokataa kumalizika, tabasamu likaondoka polepole.

"Kwa hiyo siku zote ulizokaa hapa unatusimulia, ulikuwa unatudanganya?"

"Ndiyo."

"Mimi nimegombana na watu kwa ajili yako. Nimegombana na shemeji yangu msibani."

"Najua. Nisamehe."

Karani alikuwa amesimama mlangoni, amepitia kabla ya kwenda kazini. Hakuweza kuvumilia kumwona amekaa pale peke yake, uso umeelekea chini mbele ya watu aliowashonea nguo miaka na miaka.

"Kosa ni langu," alisema. "Mimi ndiye niliyeandika vibaya."

"Hapana," fundi akasema bila kugeuka. "Wewe ulikosea siku moja. Mimi nilikuwa nakosea kila asubuhi nikifungua duka."

Muuza vipuri akaweka gazeti mezani na kutoka bila kuaga. Mwalimu alibaki, akajifanya anakagua vifungo. Fundi akaushika mguu wa kulia kwa mikono miwili, akausogeza pembeni usimzuie, akaweka wa kushoto kwenye kikanyagio. Kulikuwa na sare kumi na mbili za kumaliza kabla ya shule kufunguliwa.